Beseni la Bata na Tuta la Mchicha: Maneno kwa Wanaoanza

Maneno haya niliyasema uani kwangu, Igombe, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, asubuhi moja ya mwezi wa tisa, mbele ya majirani waliotaka kuanza bustani ya nyumbani na kufuga bata. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, kwa sababu wengi waliniomba.

Mwangaluka, baba! Mwangaluka, mayu! Wazee wangu, shikamooni. Vijana mlionisalimia mlipokuwa mnaingia, marahaba, Mungu awakuze. Mheshimiwa mwenyekiti wa mtaa, bwana afisa ugani, majirani wa hapa Igombe na ninyi mliotoka Kayenze, Sangabuye na hata Kirumba mjini, karibuni sana.

Wengine mmekaa mkekani, wengine mmekalia madumu, na vijana mmesimama chini ya mwembe. Nivumilieni. Tumeanza saa mbili na nusu kwa makusudi. Ikifika saa tatu kuna kazi hapa nyumbani ambayo haifanywi kabla ya saa hiyo, nami nataka muione kwa macho yenu.

Hiki nilichonyanyua mnakijua. Ni beseni la kufulia, la plastiki, linachukua lita 20, na mdomo wake umepasuka hapa pembeni. Anayekuja kuniuliza habari za bata huanza na bei ya bata. Anayetaka bustani huanza na mbegu: Mwalimu, mbegu nzuri inapatikana wapi? Miaka sita nimefanya kazi hii na hajatokea mtu wa kuniuliza habari za beseni. Nami nasema kila mtakachokiona nyuma ya nyumba hii, mchicha ule, matembele yale, migomba mitatu na bata tisa, kinategemea beseni hili.

Lifuateni kwa siku moja tu. Asubuhi nalijaza maji safi. Bata wanakunywa, wanatumbukiza kichwa chote mpaka machoni, wanaingia mmoja mmoja, wanapiga mbawa, na wanakunya humohumo. Ikifika adhuhuri maji yamekuwa mazito, ya kijani kama mlenda, na yananuka. Asiyejua huyamwaga njiani, jirani anakasirika, kesi inafika kwa mwenyekiti. Mimi nayainamisha kwenye mfereji mdogo niliouchimba kwa jembe ubavuni mwa tuta, yanakwenda moja kwa moja kwenye mizizi. Kisha nalijaza tena, na jioni nafanya hivyo hivyo.

Sasa tupige hesabu. Kiangazi kama hiki, tuta la mboga linakunywa kama lita 5 kwa siku kwa kila mita moja ya mraba. Beseni mara mbili ni lita 40. Lita 40 ukigawa kwa 5 unapata mita 8 za mraba, yaani tuta lenye upana wa mita 1 na urefu wa mita 8. Tuta la kwanza pale nyuma ni mita 8. Sikulipima kwa bahati, nilikata urefu wake kulingana na beseni.

Maji ya hapa kwetu tunayabeba kichwani au tunayanunua kwa ndoo, kina mama mnajua shingo inavyouma. Kwa hiyo ndoo niliyoibeba mara moja naitaka ifanye kazi mara mbili: imnyweshe na kumwogesha bata, kisha iunyweshe na kuulisha mchicha. Bata na bustani si miradi miwili, jamani. Anayevitenga atabeba maji mara mbili, atanunua mbolea, atachoka mwezi wa tatu na kuuza bata kwa bei ya hasira.

Lakini msiende kununua bata leo. Miezi mitatu ya kwanza iwe ya bustani peke yake. Bata anakula majani kila siku, na ukimleta kabla majani hayajaota utamnunulia kila kinachopita kooni mwake. Halafu kuna suala la mkono wenyewe. Mkono unahitaji kuzoea kuamka na kumwagilia bila kukumbushwa. Mchicha ukiusahau siku moja unanyauka, ukiunywesha jioni unasimama tena. Kifaranga ukimsahau siku moja unamzika.

Udongo wetu huu. Igombe imekaa juu ya majabali, mnayaona pale, na pale. Udongo wake mwingi ni mchanga uliotokana na mawe hayo hayo, ule ambao Wasukuma tunauita luseni. Kulima ni rahisi, jembe linaingia bila ubishi. Kushika maji ndiko hauwezi: unamwaga ndoo, unageuka kuchukua ya pili, ukirudi ya kwanza imeshazama.

Mnafundishwa kuinua tuta. Wakati wa masika ni kweli, liinuliwe ili mizizi isioze. Kiangazi, kwenye luseni, mimi nafanya kinyume. Nachimba koleo moja kwenda chini, udongo nauweka kando. Chini natandika majani makavu na maganda ya jikoni, juu yake samadi iliyooza, kisha narudisha udongo nikiuchanganya na mboji, lakini sirudishi wote. Uso wa tuta unabaki chini ya ardhi kwa upana wa kiganja, na udongo uliobaki unakuwa ukingo kuzunguka. Mnaolima mpunga Magu na Misungwi mmeshanielewa: ni jaruba dogo la mboga. Maji hayatoki. Upana usizidi mita 1, ili mkono ufike katikati ukiwa upande wowote na mguu usikanyage ndani.

Kisha funika. Matandazo ni nusu ya umwagiliaji. Nyasi kavu zinafaa, maganda ya mpunga yanafaa, na gugu maji linafaa sana likikaushwa. Nalichukua kwenye ghuba ya huku kwetu, nalianika juu ya jabali mpaka linavunjika mkononi, ndipo nalitandaza. Lile la mjini, pale Mto Mirongo unapomwaga taka za jiji ziwani, silitaki bustanini kwangu, maana mizizi ya gugu inanyonya kila kilichomo majini. Na jambo moja limenishangaza siku zote. Gugu maji asili yake ni Amerika ya Kusini, na bata huyu tunayemwita wa kienyeji, mwenye nyama nyekundu usoni, asili yake ni Amerika hiyo hiyo. Wageni wawili wa bara moja wamekutana uani kwangu, mmoja anamlalia mwenzake.

Mbegu. Kwa anayeanza nasema mchicha na matembele, basi. Nyanya ziacheni mwaka wa kwanza. Najua zina soko, najua Soko Kuu mjini wanazigombania. Lakini kiwavi aitwaye kantangaze akiingia kwenye nyanya anatoboa jani na tunda, na mtu mgeni atanunua dawa juu ya dawa mpaka fedha iishe na nyanya ziishe. Matembele hayana matata hayo. Marando hayauzwi kwa jirani mwema, ombeni. Chagueni yanayotoka kwenye shina lenye majani yaliyonyooka, si yaliyojikunja na kuwa na madoa ya njano, maana huo ni ugonjwa wa virusi na utauhamishia kwako. Ukipata marando ya viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa ndani, chukua hayo, kwa ajili ya macho na afya ya watoto. Kata urefu wa sentimita 30, zika theluthi mbili, mwagilia. Wiki ya tano au ya sita unachuma ncha za kwanza.

Mchicha mbegu yake ni ndogo kama vumbi, na kila anayeanza huimwaga rundo. Changanya kijiko kimoja cha mbegu na kopo la mchanga mkavu, ndipo uumwage kwenye mistari. Baada ya wiki tatu au nne unakula. Msiung'oe! Kateni juu, mbakize majani matatu chini, utachipua tena. Mimi tuta moja nalikata mara nne kabla ya kulifumua.

Ndugu zetu wa Kirumba, Igogo, Bugarika, mnaoishi juu ya mawe na uwanja wenu ni ngazi: chukueni gunia. Simamisha katikati bomba au kopo lisilo na vitako, lijaze kokoto, jaza udongo na samadi pembeni, livute kopo juu kidogo, jaza tena, mpaka gunia lijae na nguzo ya kokoto ibaki katikati. Maji unayamwaga kwenye kokoto, yanashuka mpaka chini. Toboa matundu ubavuni na upande humo sukuma wiki na mchicha. Mboga ya familia inatoka. Lakini nawaambia kwa upendo, bata msiwafuge kwenye chumba cha kupanga chenye ua wa watu sita. Mtagombana, na bata watateseka.

Haya, sasa bata.

Anza na majike watatu na dume mmoja. Hata dume mmoja kwa majike watano anatosha. Ukiwa na madume wawili kwenye ua mdogo watawapanda majike mpaka wawatoe manyoya ya shingoni. Huyu wa kwetu mwenye uso mwekundu hana kelele. Jike analia kidogo, dume anahema tu kwa sauti ya upepo. Dume mzima anafika kilo 4 na zaidi, jike ni kama nusu yake. Anaruka pia, msidanganyike na uzito. Jike mwepesi anaruka uzio na kulala juu ya paa. Kata manyoya marefu ya bawa moja tu, si yote mawili, akose mizani.

Faida yake kubwa ni kuatamia. Jike anataga mayai kama 10 hadi 15, analala juu yake siku 35, na kwa mwaka anaweza kufanya hivyo mara tatu au nne. Anayetaka mayai mengi ya kuuza kila siku, huyu si bata wake, nasema wazi. Wako bata weupe wa kigeni na wale wembamba wanaosimama wima ambao wanataga sana, na mayai yao yanaanguliwa kwa siku 28, lakini wengi wao hawaatamii, utatafuta mashine au kuku wa kukulalia. Kwa anayeanza bila umeme wa uhakika, jike wa kienyeji ndiye mashine. Anaweza hata kukulalia mayai ya kuku. Ukitaka kuchanganya, kumbuka kuku ni siku 21 na bata huyu ni 35. Weka ya bata kwanza, siku 14 baadaye ongeza ya kuku, wote watatoka pamoja.

Banda lisiwaogopeshe. Bata hahitaji jumba, anahitaji sakafu kavu, hewa na mlango unaofungika. Tandika maranda ya mbao au maganda ya mpunga, ongeza makavu juu kila yanapolowa, na baada ya miezi michache kokoa yote upeleke kwenye shimo la mboji. Maji msiyaweke ndani ya banda usiku, watalichafua lote. Ila msikosee: usipoweka maji, toa na chakula. Bata akila pumba kavu bila maji karibu anakabwa.

Dirisha lizibwe kwa wavu imara, na chini ya kuta pawe na mawe. Huku kwetu adui si mwewe peke yake. Kuna kenge. Kenge wa ziwani anapanda mpaka huku, anachimba, anameza mayai mazima mazima, na kifaranga kwake ni tonge. Paka wa mitaani naye anajua saa ya kuingia. Kwa hiyo mlango unafungwa magharibi, na ufunguo ukae na mtu mmoja anayejulikana.

Niwaeleze vifaranga wangu wa kwanza.

Jike wangu aliangua 11. Nikaona atawakanyaga, nikamnyang'anya, nikawaweka kwenye boksi jikoni karibu na jiko la mkaa. Siku ya tano nikasema moyoni, hawa si bata? Nikalijaza hili beseni nusu, nikawatia, nikafurahi kuwaona wanakata maji kama mitumbwi. Nikatoka kwenda dukani, sikumaliza hata nusu saa. Niliporudi, upepo wa ziwani ulikuwa umeanza, ule wa alasiri. Manyoya yao ya manjano, yale laini kama pamba, yalikuwa yamegandamana mpaka ngozi ya waridi inaonekana. Wanane walikuwa wanaelea ubavu. Mmoja nilimtoa akiwa hai, mwepesi kiganjani, mdomo unafunguka na kufunga bila sauti, akafia kwenye kanga yangu. Wawili walipona.

Nilikaa siku nyingi nikidhani walikuwa wagonjwa. Baadaye mama mmoja wa Ukerewe, aliyekulia na bata, ndiye aliyenieleza. Kifaranga anapojificha chini ya mbawa za mama yake, mafuta ya manyoya ya mama yanampaka mwili mzima, ndiyo yanayozuia maji. Tezi yake mwenyewe, iliyo juu ya mkia, bado haijakomaa. Ukimtenga na mama, unamvua koti. Maji yanafika kwenye ngozi, na baridi inamuua hata kama hajazama. Na beseni la plastiki kuta zake zinateleza: kuingia aliingizwa, kutoka hakuweza. Wahenga walisema ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Kuelea kwa kifaranga kunaundwa na mama yake.

Kwa hiyo, kama mama yupo na ni mtulivu, mwachieni wanawe. Akiwa mkali, mwachieni vilevile, huo ukali ni wa kuwalinda. Kama hayupo, wiki ya kwanza boksi liwe na joto la nyuzi 32 hivi, kisha mpunguze kila wiki. Kipimo chenu ni vifaranga wenyewe: wakirundikana wanaona baridi, wakikimbilia pembeni huku wanahema wameungua. Maji wawekeeni kwenye sahani iliyojaa kokoto, yenye kina cha kuzamisha mdomo mpaka puani, maana bata asipoosha pua na macho anaumwa, lakini mwili usiingie. Kuoga ni baada ya wiki ya sita, manyoya ya kweli yakishaota. Na beseni la wakubwa, hata hili langu, liwe na tofali moja nje na moja ndani. Kila aingiaye awe na njia ya kutoka.

Kuhusu chakula nitasema mawili tu, kwa sababu ndiyo yanayoua.

La kwanza ni miguu. Kifaranga wa bata anahitaji vitamini iitwayo niasini kuliko kifaranga wa kuku, karibu mara mbili. Mahindi yanayo, lakini imefungwa ndani yake kwa namna ambayo tumbo la bata haliifikii. Ndiyo maana vifaranga wanaolelewa kwa uji wa dona na pumba za mahindi peke yake wanavimba magoti, miguu inapinda, wanatambaa kwa matako. Watu wanasema ni uchawi au ni baridi. Na sisi Mungu ametupa dagaa! Wale dagaa waliovunjika wa pale Mwaloni, Kirumba, wanaouzwa kwa ajili ya mifugo, wapepeteni mchanga wote, watwangeni, muwachanganye na pumba na majani ya mchicha yaliyokatwa kwa kisu. Kwenye kila makopo manne ya pumba mimi natia kopo moja la dagaa kwa wadogo. Wakubwa nawapunguzia, hasa wiki mbili kabla ya kuchinja, nyama isinuke samaki.

La pili ni ukungu, na hapa naomba mnisikilize wote, hata asiyefuga. Niliwahi kuuziwa gunia la pumba ambalo juu lilikuwa zuri na katikati lina mabonge. Lilikuwa na harufu ya nyumba iliyofungwa muda mrefu. Muuzaji aliniambia ni unyevu wa njiani, mifugo haijali. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haionekani kwa macho, na hakuna ndege wa kufugwa anayeumizwa nayo upesi kama bata mchanga. Mwaka 1960 kule Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa bila kujulikana sababu, mpaka ilipogundulika kuwa mashudu ya karanga waliyolishwa yalikuwa na ukungu, na huo ndio mwanzo wa dunia kuijua sumu hii. Baada ya hapo wanasayansi waliwatumia vifaranga wa bata kuipima. Sasa msinidanganye kwamba bata anakula chochote. Na binadamu haponi: mwaka 2016 Dodoma na Manyara tulizika watu kwa mahindi yenye sumu hiyo hiyo. Kuchemsha hakuiondoi. Kwa hiyo unaponunua, ingiza mkono mpaka katikati ya gunia, toa konzi, nusa. Penye bonge, acha. Na chakula ulichokilowesha asubuhi, jioni mwaga kwenye mboji, usimbakizie mtu.

Magonjwa nitapita haraka, bwana afisa ugani yupo na nyumba yake mnaijua. Bata ni mgumu, mdondo haumwangushi kwa urahisi, lakini anaweza kuubeba na kumpelekea kuku. Mwenye kuku awachanje mdondo, matone ya jicho kila miezi mitatu, na alaze kuku na bata mbali mbali.

Mzee wangu pale mbele alininong'oneza kabla hatujaanza. Aliniuliza, Mwalimu, ziwa hilo hapo, hatua mia tatu, kwa nini usiwaachie bata ziwani na bustani ukalime kule kule ufukweni? Nimelibakiza swali lako, mzee wangu, kwa sababu linastahili jibu refu.

Kwanza ni sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Na ziwa lenyewe limetukumbusha. Mnakumbuka mwaka 2020 lilivyopanda? Matuta ya mboga ya ufukweni yalikuwa chini ya maji, watu waliokuwa wanavuna sukuma wiki wakawa wanafunga mitumbwi pale pale. Ukilima ukingoni, kila mvua inachukua samadi yako na udongo wako na kuumwaga ziwani, na kinachoshiba huko ni gugu maji.

Pili, bata wa ziwani si wako tena. Anachanganyika na ndege wa porini, ambao wanaweza kubeba mafua ya ndege bila kuonyesha dalili yoyote. Ananaswa kwenye vipande vya nyavu. Kenge yuko kwake. Mayai anataga kwenye matete. Na mbolea, mzee wangu, mbolea yote inabaki ziwani! Beseni langu linabaki na maji meupe. Mimi nimfuge bata, nimlishe dagaa, kisha utajiri wake niupeleke kwa gugu?

Na tatu ndiyo inayoniumiza zaidi. Wanaotumwa kuchota maji ya bustani ziwani ni watoto. Wanasimama kwenye maji mpaka magotini, pale penye majani, na pale ndipo konokono wa kichocho wanapokaa. Mwanza yote ya ufukweni tunakijua kichocho cha tumbo, wapo hapa waliozika ndugu waliotapika damu. Bata anakula konokono, ni kweli, na uani anasaidia sana kumaliza wale wanaokula mboga. Lakini ziwa hawezi kulisafisha, asiwadanganye mtu. Kama huna maji mengine ila ya ziwa, achote mtu mzima, akiwa juu ya jiwe au kwenye gati, si ndani ya maji. Ayaweke kwenye pipa lenye mfuniko siku mbili kamili. Vijidudu vinavyotoka kwa konokono havifiki siku hizo mbili bila kupata ngozi ya mtu. Baada ya hapo mwagilieni kwa amani. Na watoto wapelekwe kumeza dawa ya kichocho kila inapotolewa shuleni.

Limebaki swali moja ambalo najua mtaniuliza njiani: je, bata waingie bustanini? Waingie, kwa saa yao. Kwenye miche ya mchicha wataikanyaga na kuila yote kwa dakika kumi. Kwenye migomba, kwenye mihogo iliyosimama, kwenye mahindi yaliyopita magoti, waachieni asubuhi na jioni, wachakure majani makavu na kula konokono, sota na panzi. Tuta la mchicha uliokwisha kukatwa mara ya mwisho, kabla sijalifumua, nawapa wao siku mbili. Wanalisafisha na kuliwekea mbolea bila mshahara. Maji ya beseni kwenye mboga yaende kwenye mizizi, yasimwagwe juu ya majani, na mboga ya tuta hilo ioshwe na kupikwa, isiliwe mbichi. Nyanya na saladi, kama mnazo, zinyweshwe maji safi.

Vuli inaanza mwezi wa kumi. Mkichimba jaruba lenu wiki hii, mvua itakuta samadi imeshalala. Marando yapo pale kwenye kivuli, nimeyakata alfajiri na kuyafunga mafungu 30, kila nyumba ichukue moja. Hayauzwi.

Nasikia wameanza kugonga mlango. Bata anataga alfajiri na asubuhi mapema. Ukimfungulia saa kumi na mbili atakwenda kutaga vichakani, na kenge atakushukuru. Ndiyo maana wangu hawatoki kabla ya saa tatu. Mwenyekiti, saa yako inasemaje? Imefika. Basi tuzunguke nyuma, polepole, watoto watangulie lakini wasikimbie, maana kuna jike mmoja yuko siku ya 33 na simtaki ashtuke. Kijana wangu, nishikie beseni. Wewe chukua hilo dumu.